Resho Ikizimika Yenyewe, Sikiliza Kwanza Feni Yake



Juma hili tunajibu ulizo la kikundi kimoja cha wamama wa hapa Goma. Wako 12, na wanacheza likirimba ya resho za induksioni: kila mwezi wanachanga feza, na mama mmoja anapata resho yake. Resho saba zimekwisha kununuliwa. Sasa mbili kati ya hizo zinasumbua kwa namna moja. Mama anabandika maharagi, resho inaanza vizuri, maji yanakaribia kuchemka, halafu inalia pii, pii, pii, inaandika herufi na namba, na inaacha kupika. Akingoja nusu saa inakubali tena, lakini dakika chache baadaye inarudia mchezo wake. Fundi wa kwanza aliyeitwa aliishika tu mkononi, akasema karti ya ndani imeungua, heri kununua resho nyingine. Mama wa nane, ambaye zamu yake imefika, hataki tena resho. Anaomba apewe feza zake anunue makala. Wengine nao wameanza kusema vile vile, na likirimba inataka kuvunjika.

Ulizo lao ni hili: je, resho hizi ni za kutupwa?

Jibu fupi: hapana, bado. Resho inayopika vizuri dakika chache, ikazimika, ikapoa, ikakubali tena, mara nyingi karti yake ni nzima. Karti iliyoungua haiponi kwa kupumzika nusu saa. Kitu cha kwanza cha kuchunguza ni feni ndogo iliyo ndani, ile ambayo wengi wetu tunaiita vantilateri. Bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya resho nzima. Basi kabla ya kuvunja likirimba ya mwaka mzima, tukae kidogo tujifunze.

KWA NINI RESHO HII INA FENI

Mbabula haina feni, na inapika. Resho ya kawaida, ile ya waya unaowaka mwekundu, haina feni pia. Kwa nini hii ya induksioni iwe nayo?

Chini ya kile kioo cheusi kuna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi, kama ngata tunayoweka kichwani tukibeba ndoo. Umeme ndani ya waya huo unakwenda na kurudi zaidi ya mara 20 000 kwa sekunde, na hapo inatokea nguvu ya sumaku inayobadilika haraka vile vile. Nguvu hiyo ikikuta kitako cha sufuria ya chuma, inaamsha umeme ndani ya chuma chenyewe, na chuma kinapata moto. Ndiyo sababu zile sufuria zetu za aluminiyumu, zinazotengenezwa na wafundi wa hapa kwa kuyeyusha aluminiyumu ya zamani, hazikubaliki juu ya resho hii. Weka sumaku kwenye kitako: isiposhika, sufuria hiyo si ya kazi hii.

Anayefanya kazi ya kukata na kugeuza umeme mara nyingi namna hiyo ni kipande kidogo cheusi kwenye karti, chenye upana kama wa ukucha wa kidole gumba. Wafundi wanakiita transista. Nacho kinapata joto. Tufanye hesabu kama darasani: tuseme resho ya wati 2000 inapoteza sehemu 5 tu kwa kila 100. Hizo ni wati 100, sawa na balbu kubwa ya zamani iliyofungiwa ndani ya sanduku la plastiki. Wote tunajua balbu ile ilivyokuwa inachoma.

Kwa hiyo transista imebanwa kwenye kipande cha aluminiyumu chenye mbavu nyingi, na feni inapuliza hewa kati ya mbavu zile. Hewa ya baridi inaingia kwa matundu ya chini, inapita kwenye mbavu na chini ya waya wa shaba, inatoka nyuma ama ubavuni ikiwa ya moto. Feni ikisimama, joto linapanda katika dakika chache. Karibu na transista kuna kipimo kidogo cha joto. Kikiona joto limepita mpaka, karti inazima kila kitu na kupiga kengele. Ile pii, pii, pii ni resho inayojikinga. Ukiilazimisha, ukaiwasha tena na tena bila kutafuta sababu, siku moja itaungua kweli.

TUSICHANGANYE MAGONJWA

Si kila homa ni malaria, na si kila resho inayozimika ina ugonjwa wa feni. Tuangalie alama moja moja.

Ikikataa mara moja, tangu sekunde za kwanza, na kuendelea kulia mpaka uondoe sufuria: shida ni sufuria. Ama si ya chuma, ama kitako chake ni kidogo mno, ama kimepinda.

Ikipika dakika tatu, tano ama kumi, ikazimika, na husikii mvumo wowote ndani: feni ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Ikivuma kwa kelele ya kukwaruza kama gari lenye mchanga kwenye magurudumu: feni bado inazunguka, lakini imejaa uchafu ama imekauka mafuta. Hii ndiyo nafasi nzuri ya kuiponya, kabla haijasimama.

Ikivuma vizuri, upepo ukatoka kwa nguvu, lakini bado inazimika: angalia kama matundu ya kuingizia hewa yameziba, kama sufuria imekaukiwa maji, ama kama umeme wa kartye umekuwa dhaifu, taa zikiwa nyekundu nyekundu. Ikiwa hayo yote ni sawa, pengine ni kile kipimo cha joto kilichoharibika, na hiyo ni kazi ya fundi.

Ikifa kabisa, isiwashe hata taa, ama ikiangusha dijonkteri ya nyumba kila unapoichomeka: usijaribu mara ya pili. Hapo ndipo neno la karti kuungua linaweza kuwa kweli.

Na kuna jambo moja ambalo si ugonjwa. Umezima resho, sufuria imeondoka, lakini feni inaendelea kuvuma dakika moja ama mbili. Wamama wengi wanaharakisha kuchomoa prizi wakihofia umeme unakwisha kwenye konteri. Acheni ivume. Feni ile inakula wati chache tu, na kazi yake wakati ule ni kutoa joto lililobaki ndani. Kuchomoa kila siku kabla haijamaliza ni kuifungia resho joto tumboni.

UCHUNGUZI WA NYUMBANI, BILA KUFUNGUA CHOCHOTE

Kazi hii kila mama anaweza kuifanya, hata yule ambaye hajawahi kushika turnavisi.

1. Zima resho, ngoja feni isimame kama inazunguka, chomoa prizi, na uiache ipoe nusu saa. Kioo kikiwa na ufa, hata mdogo kama unywele, simamisha uchunguzi hapo hapo. Maji yakipita kwenye ufa yanafika kwenye umeme. Resho ya namna hiyo haitumiwi mpaka kioo kibadilishwe.

2. Igeuze juu ya meza safi, uangalie matundu ya chini. Utakuta vumbi letu jeusi la volkano limeshikana na mafuta ya mapishi na nyuzi za nguo, mpaka limekuwa kama blanketi. Lisugue kwa brashi kavu, kama ile ya kupakia rangi ikiwa bado mpya. Usimwage maji, usitumie kitambaa kinachotiririka, usiingize mshipi wa chuma ama uma. Ukiona vinyesi vyeusi vya mende, andika hilo, kwa sababu mende hupenda joto la mle ndani, na fundi atahitaji kujua.

3. Tazama mahali resho inapokaa. Je, imewekwa juu ya kitambaa cha meza ama nailoni laini? Feni inavuta hewa kutoka chini, na kitambaa kinavutwa kuziba matundu. Je, imesukumwa ukutani? Iachie angalau sentimeta 10 nyuma na kando. Je, iko jirani na mbabula inayowaka? Basi inavuta hewa ya moto pamoja na majivu.

4. Sasa jaribu. Weka resho juu ya ubao mgumu ulio sawa, sufuria ya chuma yenye lita mbili za maji, na nguvu ya katikati. Zima redio, waambie watoto wanyamaze, na usikilize. Resho nyingi zinaanzisha feni mara moja. Nyingine zinangoja kidogo, kwa hiyo vumilia dakika mbili. Kata ukanda mwembamba wa karatasi ya daftari, uulete karibu na matundu ya kutolea hewa, usiuingize ndani. Ukanda ukisukumwa na kupepea, upepo upo. Ukining'inia kimya, hakuna upepo. Ukitikisika kidogo tu, feni ni dhaifu.

5. Andika kwenye daftari: imepika dakika ngapi kabla ya kuzimika, imeandika herufi na namba gani, upepo ulikuwapo ama hapana, sauti ilikuwa ya namna gani. Kuhusu zile namba, tuwe waangalifu. Kila kiwanda kina orodha yake. E3 ya resho yako inaweza kumaanisha joto la ndani, na E3 ya jirani ikamaanisha umeme uliozidi. Jibu liko kwenye kitabu kilichokuja na resho ile ile, kwa hiyo kitabu hicho kiwekwe pamoja na makaratasi ya nyumba, kisifungiwe karanga.

Mara nyingi hatua ya pili na ya tatu zinatosha. Matundu yakisafishwa na resho ikipata mahali pake, inarudi kupika saa nzima bila kulia. Ikiwa bado inazimika na ukanda wa karatasi hausogei, tunamwita fundi, tukiwa na daftari mkononi.

NDANI YA RESHO: MIKONO YA FUNDI, MACHO YETU

Hapa nasema wazi, hasa kwa wale wenye vijana wa kiume wanaopenda kufungua kila kitu. Ndani ya resho hii kuna kapasita, vifaa vinavyoweka akiba ya umeme. Umeme wa volti 220 wa prizi, ukisha kunyooshwa mle ndani, unafika volti 300 na zaidi, na sehemu yake inaweza kubaki hata baada ya kuchomoa. Kisu cha meza si turnavisi, na udadisi wa mtoto si ufundi. Anayefungua ni mtu aliyejifunza kazi ya umeme, na yeye mwenyewe ataanza kwa kuchomoa, kungoja, na kupima kwamba akiba ile imekwisha.

Sisi tukae karibu na kuangalia. Kuuliza si ujinga, na fundi mzuri hachukii mama anayeuliza. Haya ndiyo atakayoyafanya.

Kwanza, atasafisha. Atatoa vumbi, mende na mafuta kwa brashi, kati ya zile mbavu za aluminiyumu pia, kwa sababu feni nzima haiwezi kupoza mbavu zilizovaa uchafu. Atazungusha bawa la feni kwa kidole. Feni nzuri inazunguka laini na kuendelea kidogo baada ya kuachwa. Ikishikana ama ikisimama papo hapo, imekauka ama ina kitu ndani.

Pili, ikiwa imekauka tu, anaweza kuinua kile kibandiko cha katikati na kutia tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja, si kijiko. Mawese na mafuta ya kupikia hayafai hata kidogo: yakipata joto yanakuwa gundi, na baada ya majuma machache feni inasimama kabisa.

Tatu, ataangalia kile kichwa cha nyaya kinachounganisha feni na karti. Wakati mwingine kimelegea tu kwa kutikisika njiani, ama panya ameonja waya.

Nne, atapima feni peke yake, ikiwa imetolewa kwenye resho. Feni hizi zinatumia umeme mdogo, mara nyingi volti 12 ama 18, na imeandikwa kwenye kibandiko chake. Betri ya piki-piki ama ya paneli ya jua, yenye volti 12, inatosha kwa jaribio hili: waya mwekundu kwa alama ya kujumlisha, mweusi kwa alama ya kutoa. Feni ya volti 18 itazunguka polepole zaidi kwenye betri hiyo, lakini izunguke. Isipozunguka kabisa, tumempata mgonjwa, nayo karti haina hatia.

Tano, ikiwa feni inazunguka vizuri kwenye betri lakini haizunguki ndani ya resho, atapima kwa multimeta kama karti inatuma umeme kwenye kile kichwa cha nyaya. Umeme usipofika, kosa liko kwenye karti, kwenye sehemu ndogo inayoilisha feni. Hata hapo si lazima karti nzima itupwe. Fundi anayejua kulehemu vifaa vidogo anaweza kubadilisha kipande kimoja.

Mnaona sasa kwamba yule aliyeishika resho mkononi na kusema karti imeungua hakupima kitu. Labda alisema kweli, labda hapana. Daktari hatupi dawa kabla ya kuchunguza damu, na sisi tusikubali hukumu ya resho kabla ya kuona jaribio la feni.

KUNUNUA FENI INAYOFAA

Wafundi wengi wana feni zilizotolewa kwenye kompyuta za zamani ama resho zilizokufa. Si vibaya kuzitumia, lakini mambo manne yalingane na ile ya zamani.

Volti. Feni ya volti 12 ikifungwa mahali pa volti 18 itavuma kwa nguvu siku za kwanza, utafurahi, halafu itaungua.

Ukubwa na unene. Feni ndogo kuliko mahali pake inaacha hewa irudi pembeni. Feni nene inaweza kugusa waya wa shaba ama kukwama chini ya kioo.

Upande wa kupuliza. Kabla ya kutoa ile ya zamani, fundi aangalie ilikuwa inapeleka hewa wapi. Ikigeuzwa, mbavu za aluminiyumu hazipati hewa ya baridi.

Idadi ya nyaya. Kuna feni za nyaya mbili, na kuna za nyaya tatu. Mara nyingi ule wa tatu unaieleza karti kwamba feni inazunguka. Mahali pa nyaya tatu ukifunga ya mbili, karti inaweza kufikiri feni imesimama na kukataa kupika, hata kama upepo upo.

Mwambie fundi akurudishie feni ya zamani. Si kwa sababu ina kazi, lakini kwa kuona kwa macho kwamba kweli imebadilishwa. Na kabla ya kumaliza malipo, chemsha sufuria ya maji kwa nusu saa mbele yake, kwa nguvu ile unayopikia maharagi. Resho iliyokuwa inazimika kwa dakika tano ikifika nusu saa bila kulia, mlipe kwa moyo mweupe.

MATENGENEZO YA KUKATAA

Kuna mambo matatu ambayo tusikubali, hata tukiambiwa ni ya bei rahisi.

La kwanza ni kuidanganya resho kwa kukifunga ama kukirukia kile kipimo cha joto ili isilie tena. Fundi wa namna hiyo ataondoka, resho itapika bila kusimama, na mama atamsifu. Lakini sasa hakuna tena mlinzi. Joto litapanda mpaka transista ipasuke ama plastiki iyeyuke, na hiyo itakuwa ndani ya jikoni lenye nyumba za mbao pande zote. Ninyi mnaoishi kwenye nyumba za mbao mnajua moto mmoja unachukua nyumba ngapi.

La pili ni kupika resho ikiwa imefunguliwa mfuniko wa chini, ama kuielekezea feni kubwa ya nyumbani kwa nje. Mtoto anayetambaa hajui volti 300.

La tatu ni kuichomeka kwenye ralonji nyembamba pamoja na friji na pasi. Wati 2000 ni karibu ampea 9. Ralonji ikipata joto mkononi, haifai. Resho ichomekwe peke yake kwenye prizi nzuri.

KUITUNZA ILI ISIRUDI HOSPITALI

Mara moja kwa juma, resho ikiwa imechomolewa na kupoa, pitisha brashi kwenye matundu. Kazi hiyo ni ya dakika mbili, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuifanya ukimsimamia. Ukipika bugali, usiache unga na mvuke vianguke kando mpaka kwenye matundu. Pangusa maji yaliyomwagika kabla hayajafika pembeni. Usiku, funika resho kwa kitambaa kikavu ikiwa imepoa, na usiache makombo karibu, kwa maana mende hufuata makombo kwanza, kisha hupata nyumba ya joto ya kukaa. Na kila unapoiwasha, isikilize. Ukiisha kuzoea mvumo wake mzuri, siku utakapobadilika utajua kabla ya kengele. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

TURUDI KWENYE LIKIRIMBA

Sasa mama wa nane. Ana haki ya kuogopa, kwa sababu feza ile ni jasho lake, na hakuna anayependa kupokea deni la wenzake. Lakini afanye hesabu pande zote mbili. Mfuko wa makala ukiisha kuungua, hakuna fundi wa kuurudisha. Mwezi unaofuata ni mfuko mwingine. Resho ikiharibika feni, unabadilisha feni. Tena tunajua makala yetu mengi yametoka wapi kwa miaka hii yote: katika misitu ya Hifadhi ya Virunga. Na tunajua mbabula ndani ya chumba kilichofungwa inavyotoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo imelaza jamaa wasiamke. Umeme wa mto Rutshuru, unaotoka kituo cha Matebe tangu 2015, umetupa njia nyingine, na ni vizuri kuitumia kwa akili. Mbabula ibaki pembeni kwa siku za delestaji, ikiwashwa nje ama mahali penye hewa.

Kwa kikundi kizima, nashauri mambo matatu. Mosi, kila mwezi mnapochanga, ongezeni kiasi kidogo kwa mfuko wa matengenezo, unaoshikwa na mwekahazina pamoja na mama mwingine mmoja, na kuandikwa kwenye daftari lake peke yake. Mama ambaye resho yake imeugua asibebe mzigo peke yake, wala asione haya kusema. Pili, resho tano zilizobaki zinunuliwe za namna moja, na kabla ya kulipa mwulizeni mwuzaji: feni yake inapatikana? Dhamana ni ya muda gani, na iko kwa maandishi? Resho za namna moja zinaweza kuazimana vipande. Tatu, zile mbili zinazosumbua zifanyiwe kwanza uchunguzi wa nyumbani, kisha zipelekwe kwa fundi mwingine pamoja na daftari, na wamama wawili wasimame pale wakiangalia jaribio la betri. Baada ya hapo ndipo mtakutana na kuamua juu ya likirimba. Kuamua kabla ya hapo ni kusahihisha mtihani ambao mtoto hajauandika.

Kazi ya juma hili, kwa vikundi vyote: kila mama mwenye resho afanye jaribio la ukanda wa karatasi, aandike jibu, na aje nalo kwenye mkutano. Katibu akusanye. Mkikuta resho yenye upepo dhaifu ambayo bado haijaanza kuzimika, hiyo ndiyo ya kushughulikiwa kwanza.

Tuendelee kuletana maulizo. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaangalia namna ya kusoma konteri ya kulipa mbele, ili kila mama ajue sufuria moja ya maharagi inamla umeme kiasi gani. Kaeni salama, na jikoni zenu ziwe na amani.